Paneli Nilizozipaka Vanishi

Jumatano, 2 Julai 2003

Viatu kwanza, kama kila siku. Dawa nyeusi, brashi, kitambaa. Kufika mstarini vumbi limeshavirudisha vilivyokuwa. Sijali. Siwezi kukagua usafi wa wanafunzi huku vyangu vimepauka. Wanne wa Kidato cha Tatu nimewarudisha bwenini wakapige pasi upya.

Jubilei ya parokia imebaki siku kumi na moja. Askofu anakuja. Kila kitu kinapakwa. Mawe ya njiani chokaa, mashina ya miti chokaa, mabenchi ya kanisani vanishi. Vanishi nimekwenda kuichagua mimi Nachingwea mjini, maana Padre anasema mimi ndiye mwenye jicho. Ni kweli ninalo.

Jioni nilishuka naye zahanati ya parokia. Mimi ni katibu wa kamati yake. Juu ya paa kuna paneli nne za sola zinazoendesha friji ya chanjo. Zilifungwa mwaka juzi na fundi mmoja wa Ruangwa. Nyeusi tii. Kioo chake kimefifia, kina vipele vidogo ukikipapasa, na hata jua likiwaka vipi hazimeti. Kama sufuria lisilosuguliwa masizi. Padre aliuliza kama ndivyo zilivyo au zimechakaa.

Sikujua. Nikasema zimechakaa.

Jumamosi, 5 Julai 2003

Vanishi ya mabenchi ilibaki kopo moja na robo. Nimepanda ngazi mwenyewe, saa nne mpaka saa saba. Nilifuta vumbi, nikapaka mkono wa kwanza, nikasubiri ukauke, nikapaka wa pili. Vile vipele vya kioo vikajaa, vikafukiwa. Juu kukawa laini kama maji yaliyotulia kwenye ndoo. Niliuona uso wangu.

Watu walikusanyika chini kutazama. Nilipenda.

Nesi Editruda alitoka na chati yake ya joto la friji mkononi. Ndiye mwenye chanjo. Mmwera wa hapa hapa, umri wangu, mtaratibu, sauti ndogo. Aliuliza kama tusingemuuliza kwanza Mzee Saidi, yule fundi wa Ruangwa, kwa sababu alipozifunga alisema zifutwe kwa maji na kitambaa, basi. Nikamjibu nikiwa juu ya ngazi: "Dada Editruda, wewe shika sindano, fizikia niachie mimi."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Nshomile huyo!" Ndiyo jina lao la utani kwa Mhaya yeyote aliyesoma, na mimi hujifanya nakasirika. Editruda naye akacheka kidogo, akarudi ndani.

Lilikuwa jibu zuri. Nimefurahi nalo kutwa.

Jumapili, 13 Julai 2003

Jubilei. Misa ya saa tatu na nusu. Kwaya nne. Ngoma mpaka Askofu mwenyewe akatikisa mabega.

Baada ya misa walimtembeza zahanati. Paneli zilikuwa zinawaka pale juu, unaziona tangu barabarani. Akasimama. Akauliza nani kazitunza namna hii. Padre akanisukuma mbele. Nikasema, kwa sauti ya kufika nyuma, kwamba kitu kinachong'aa ndicho chenye nguvu ya mwanga. Watu wakapiga makofi.

Nimeiandika hapa sentensi hiyo na sasa naiona imekaa vibaya. Pilau ilikuwa nzuri.

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Upepo. Vumbi jekundu kwenye chai, kwenye madaftari, kwenye meno.

Editruda ametuma kikaratasi. Asubuhi anakuta taa nyekundu ya betri inawaka, inachelewa sana kuzimika. Halafu vumbi linaganda kwenye paneli, akifuta kwa kitambaa halitoki. Nimemjibu nyuma ya kikaratasi hicho hicho: betri zimechoka, tutalijadili kwenye kamati.

Sikwenda kuangalia. Nina amita, kile kipimo cha mkondo wa umeme, kabatini maabara. Naitoa mara moja kwa mwaka, kwenye mtihani wa vitendo, halafu naipangusa na kuirudisha kwenye boksi lake.

Jumanne, 19 Agosti 2003

Kikaratasi kingine. Nimekiweka kwenye faili.

Alhamisi, 28 Agosti 2003

Jambo la kufurahisha leo. Saa kumi na moja na robo jioni nilikuwa ofisini nasahihisha. Ukutani, pale penye kalenda, pakatokea kipande cha mwanga mkubwa kama mlango. Mweupe, unatetemeka kidogo. Ukakaa dakika chache, ukateleza kuelekea kabati, ukapotea.

Nilichungulia dirishani. Ofisi iko mwinukoni, zahanati iko bondeni upande wa machweo. Ni paneli zangu. Jua likishuka zinalitupa mpaka huku.

Miezi miwili nyuma zisingeweza. Nimemwambia mwalimu mwenzangu wa hisabati kwamba paneli zinanisalimia. Akasema zinanijua bosi wao.

Alhamisi, 4 Septemba 2003

Siku ya kliniki. Siku mbaya.

Nilishuka saa tatu kuchukua taarifa ya mwezi. Baraza limejaa akina mama na watoto. Editruda alikuwa ndani amesimama mbele ya friji, mlango wazi, chati mkononi. Joto lilifika nyuzi kumi na tano, na halitakiwi kupita nane. Kidoa cha kuonyesha joto kwenye chupa za polio, ambacho kinatakiwa kuwa cheupe, kilikuwa kimeiva kikawa cheusi. Chanjo zote haziwezi kutumika. Zote.

Alitoka akawaambia mwenyewe. Hakumtuma mtu. Alipita benchi kwa benchi, akainama kwa kila mmoja, akaeleza, akaomba radhi. Mama mmoja alitoka upande wa Mkotokuyana, aliondoka kwao alfajiri kwa miguu, ana mapacha, mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Hakugomba. Alimfunga vizuri wa mgongoni, akauliza arudi lini. Editruda hakuwa na tarehe ya kumpa.

Niliuliza habari za betri. Halafu nikasema nina kipindi, nikaondoka.

Sikuwa na kipindi.

Jumamosi, 6 Septemba 2003

Kamati imekaa saa tatu nzima. Soda.

Ndizo zilizozungumzwa. Watu wamevumisha kwamba mwishoni mwa Agosti Editruda alipoza soda za unyago wa binti wa dada yake humo ndani ya friji ya chanjo. Ni msimu wa unyago, kila nyumba ina wageni, na friji ya baridi kijiji kizima ni hiyo. Ikifunguliwa ovyo joto linaingia, hilo kweli. Padre akamwita akamuuliza. Akasema soda hapana. Ila siku moja, jua kali, aliweka chupa yake ya maji ya kunywa.

Angeweza kukana na hilo. Mimi ningekana.

Basi chupa ya maji ikawa kreti ya soda. Wajumbe wakaamua aachishwe kazi. Akabidhi funguo Jumamosi tarehe 20, atafutwe mwingine.

Barua nimeandika mimi, ndiyo kazi ya katibu. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu anasema. Padre alisema tuandike "kwa kutokuwa mwangalifu". Niliona ni maneno mengi. Nikaandika "kwa uzembe". Neno hilo ni langu.

Paneli hakuna aliyezitaja. Zilikuwa zinang'aa.

Jumanne, 9 Septemba 2003

Lazima niandike hili ingawa mkono hautaki.

Asubuhi nilikuwa na kipindi cha uakisi, Kidato cha Pili. Niliandika ubaoni kama ninavyoandika kila mwaka: mwanga ukifika kwenye kitu, sehemu hurudi na sehemu huingia. Kinachorudi hakikuingia. Msichana mmoja wa mbele akauliza, kwa hiyo kitu cheusi kinauona mwanga kuliko kioo? Nikasema hakiuoni, kinaumeza. Kitu ni cheusi kwa sababu mwanga ulioingia haukurudi. Nikamsifu kwa swali. Nikafuta ubao. Hata hapo sikushtuka.

Saa kumi na moja na robo kile kipande cha mwanga kikaja ukutani. Nikakitazama. Halafu nikaweka kiganja changu katikati yake.

Huu ni mwanga wa friji. Uko ukutani kwangu, unaangaza kalenda.

Nilishuka mbio kabla jua halijazama, nikachukua ngazi, nikapanda. Vanishi imekuwa ya njano kama chai ya rangi. Vumbi liliingia ndani yake ilipolainika kwa joto la mchana, likaganda humo humo. Zinang'aa bado ukizitazama kwa upande. Ukizitazama kwa juu ni uchafu mtupu. Chini ya hayo yote, mbali, kuna weusi ule wa zamani, ule niliouita uchakavu.

Hazikuwa zimechakaa. Zilikuwa zinafanya kazi. Nilizikuta zinakula mwanga mimi nikazipaka kitu cha kuutema.

Naona aibu hata kukaa na daftari hili.

Jumatano, 10 Septemba 2003

Sikusema.

Nilipita mbele ya zahanati mara mbili. Mara ya pili Editruda alikuwa anafagia baraza. "Habari za kazi, Mwalimu." Nikamjibu nzuri, kwa macho makavu kabisa, nikaendelea na safari ambayo haikuwa ya kwenda popote.

Ijumaa, 12 Septemba 2003

Sikusema leo tena. Nimejitungia sababu tatu. Ya kwanza, labda ni betri kweli. Ya pili, labda soda nazo zilikuwepo. Ya tatu siiandiki.

Kesho Ruangwa. Nitamuuliza fundi. Nataka aniambie kwamba nimekosea kudhani nimekosea.

Jumamosi, 13 Septemba 2003

Nimekwenda kwa lori la magunia, nimerudi kwa lori la mbao. Nguo zangu zina vumbi jekundu toka kola mpaka pindo. Sijazipangusa.

Mzee Saidi ana kibanda sokoni, anatengeneza redio na saa. Umri wa baba yangu. Darasa la saba. Nilimwamkia, akanipa kigoda. Nikamwambia kuna mtu amepaka vanishi kwenye paneli za zahanati, nataka kujua kama ina madhara.

Akanitazama juu ya miwani. "Mtu gani huyo, Mwalimu?"

"Mtu tu."

Hakusisitiza. Akachokora chini ya meza akatoa kipande cha paneli iliyovunjika, ile silikoni yenyewe inayogeuza mwanga kuwa umeme, nyembamba kama kaki. Akanipa lenzi yake ya saa niiweke jichoni. Kwa macho ni cheusi tu. Kwa lenzi kimejaa vitu vinavyometameta kama chumvi laini.

Akasema hivyo ni vilima. Ncha ncha, vidogo mno, lenzi yake haivifikii, mzungu aliyeleta paneli ndiye aliyemwonyesha picha yake iliyokuzwa. Kiwandani silikoni inatoka laini, inang'aa kama kioo cha kujitazamia, na hiyo inang'aa kwa sababu inarudisha mwanga mwingi mno. Basi wanaitia dawa ya kuilamba mpaka inaota vile vilima.

Niliuliza kilima kinasaidia nini. Nina shahada, na niliuliza hivyo.

Hakunieleza. Alichukua njugu mawe kwenye bakuli lake, akairusha kwenye ubapa wa meza. Ikadunda, ikaenda zake chini ya kabati. Akatoa trei ya mayai, ile ya karatasi yenye mashimo na vichomozo. Akarusha njugu nyingine. Ikagonga ubavu wa kichomozo kimoja, ikatupwa ubavu wa jirani, ikatua shimoni, ikatulia. Akarusha ya tatu. Ikatulia. Akarusha kumi hivi. Mbili tu ndizo zilizotoka.

"Umeona? Mwanga ni vile vile. Ukigonga bapa, umekataliwa, unaondoka. Ukigonga kilima, unatupwa kwa kilima cha jirani. Unabisha hodi mara ya pili. Mara ya pili mwingi unaingia." Akapapasa ile paneli nzima iliyoegemea ukuta, yenye kioo cha vipele kama zetu. "Na hivi vipele vya juu ndiyo kazi yake hiyo hiyo. Hii kitu haitaki kung'aa, Mwalimu. Ikiwa nyeusi mbaya, hiyo ndiyo nzima."

"Na vanishi?"

"Huyo mtu kamimina uji kwenye trei."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema kumeta peke yake kungepunguza kidogo tu, friji ingevumilia. Kilichoimaliza ni ule unjano unaonyonya mwanga na vumbi lililonasa lisifutike. Akaniambia jinsi ya kuitoa: thina na mswaki, maana wembe haufiki kwenye vipele, na nichunge mpira wa kingo.

Halafu, akiwa ameinama kwenye redio yake, akasema Editruda alimtumia salamu tangu mwezi wa nane kuuliza vanishi inatolewa na nini. Alimjibu hivi hivi. Yule dada akamrudishia ujumbe kwamba asingeweza kupanda kuitoa bila ruhusa ya aliyeipaka.

Kumbe Mzee alijua tangu naingia. Editruda alijua tangu Agosti. Alikaa mbele ya kamati, akaulizwa soda, akasema chupa ya maji, na hakunitaja. Angenitaja kwa nani? Mimi ndiye niliyekuwa naandika majibu yake. Nami nilikwisha kumwambia mbele ya watu ashike sindano.

Kipande cha silikoni amenipa. Kiko mezani hapa. Cheusi.

Jumapili, 14 Septemba 2003

Misa. Editruda alikaa benchi la nyuma, peke yake. Watu wamemwachia nafasi pande zote mbili. Benchi linang'aa vizuri sana.

Nilikwenda kumwona Padre sakristia baada ya misa. Nikafika mlangoni. Nikamwuliza kama ana chokaa iliyobaki. Akasema ipo. Nikarudi nyumbani na ndoo ya chokaa.

Mwoga. Nimeliandika ili nilione.

Jumatatu, 15 Septemba 2003

Nimeona vikaratasi viwili vya Editruda kwenye faili. Cha pili sikuwa nimekisoma mpaka mwisho. Mstari wa chini kabisa: "Naomba Mwalimu uje uangalie, naogopa chanjo."

Naogopa chanjo. Tarehe 19 Agosti. Siku kumi na sita kabla.

Leo sikusafisha viatu. Mstarini wanafunzi walivitazama.

Jumanne, 16 Septemba 2003

Nimemwambia Padre.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikayasahau yote. Nikaweka mezani kwake vile vikaratasi viwili na kipande cha silikoni, nikasema paneli niliziharibu mimi, Editruda hana kosa, niliandika uzembe na mzembe ni mimi. Alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha. Aliuacha.

Akavisoma vikaratasi vyote viwili. Nilidhani atanigombeza. Ningependa angenigombeza. Akasema tu kwamba na yeye alipiga makofi siku ya jubilei.

Niliomba nikaseme kwenye kamati, wajumbe saba, mlango umefungwa. Akatikisa kichwa. "Kamati hawakutembea kwa miguu, Mwalimu. Waliotembea watakuja Alhamisi. Utasema kwao."

Zimebaki siku mbili.

Alhamisi, 18 Septemba 2003

Chanjo za leo zimeletwa kutoka hospitali ya wilaya kwenye boksi la barafu. Akina mama walijaa, wengi ni wale wale. Mapacha walikuwepo.

Padre aliwaambia Mwalimu ana neno. Nikasimama barazani, pale pale ngazi iliposimama siku ile. Nikasema. Kwamba chanjo za tarehe 4 ziliharibika kwa sababu friji ilikosa nguvu. Kwamba ilikosa nguvu kwa sababu nilipaka paneli vanishi ili zing'ae Askofu akija. Kwamba paneli haitakiwi kung'aa, ikikung'alia machoni maana yake mwanga umekuja kwako badala ya kuingia ndani. Kwamba Nesi alinionya siku ile nikamfanyia mzaha, akaniandikia mara mbili nikaweka kwenye faili. Kwamba habari ya soda ni uongo, nami nilijua ni uongo tangu Jumanne ya wiki iliyopita nikakaa nayo siku saba.

Hizo siku saba ndizo zilizonishinda kutamka. Nilianza mara mbili. Nikazitamka.

Kikongwe mmoja aliyemleta mjukuu akamwuliza jirani yake kwa Kimwera nimesema nini, akatafsiriwa. Ilichukua muda. Nilisimama nikasikiliza aibu yangu ikisemwa mara ya pili kwa lugha nisiyoijua, jina langu likitokea katikati.

Mama wa mapacha akasema, "Kwa hiyo siku ile tulirudi bure kwa ajili ya kung'aa?"

"Ndiyo, mama."

"Kung'aa tu?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akampakata mtoto vizuri. Mtu mmoja nyuma akasema "Nshomile", taratibu, bila kucheka. Sikujifanya nakasirika.

Editruda alikuwa mlangoni na sindano. Hakuacha kazi hata mara moja wakati nasema. Alikuwa anaita jina, anachanja, anaandika kadi, anaita jina. Nilipomaliza nilimgeukia. Nilitaka kumwomba radhi kwa jina lake. Akasema bila kuinua macho, "Mswaki nimenunua minne. Thina iko stoo."

Minne. Hesabu ya paneli. Sijui alinunua lini.

Jumamosi, 20 Septemba 2003

Ndiyo siku aliyokuwa akabidhi funguo. Zipo bado kwenye kamba shingoni mwake.

Mzee Saidi alikuja na lori la asubuhi. Tulizishusha paneli zote, tukazilaza kwenye mkeka. Nilisugua mimi. Thina kidogo, mswaki, kitambaa, tena thina. Kipele kwa kipele. Vidole vimebabuka. Vanishi ilitoka kama makamasi ya njano. Wapita njia walisimama kutazama kama siku ile, ila leo nilikuwa chini.

Saa sita nilikuwa nimemaliza mbili. Mzee akaniuliza kama nina kipimo. Nikaenda kuleta amita. Tukaweka iliyosafishwa na isiyosafishwa ubavu kwa ubavu, jua lile lile, saa ile ile. Isiyosafishwa, sindano ya amita ilisimama kwenye ampea moja na nusu. Iliyosafishwa ikapanda, ikapita mbili, ikatulia mbili na nusu. Nikarudia mara tatu. Nikaandika kwenye daftari la maabara, na tarehe. Ni jaribio la kweli la kwanza nililofanya tangu nihamishiwe Nachingwea.

Editruda alitoka akaitazama sindano. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja zuri, kuhusu vumbi peke yake bila vanishi lingepunguza kiasi gani. Nikasema sijui, nitapima. Nilipolitamka neno sijui, Mzee Saidi alikohoa.

Hapo nikamwomba radhi. Kwa ile sauti yake ndogo akasema anataka kitu kimoja. Barua ya kufuta ile ya kwanza. Kwa mwandiko ule ule. Na neno uzembe lisiondolewe, libaki, ila jina libadilike.

Nimeiandika jioni hii. Nakala tatu: moja yake, moja ya parokia, moja ubao wa matangazo wa zahanati. "Kwa uzembe wa Katibu, Mwalimu Deusdedit." Kwa vidole hivi vilivyobabuka mwandiko umepinda kidogo. Sikuiandika upya.

Jumatano, 24 Septemba 2003

Nimeomba kuacha ukatibu. Padre amekataa. Anasema ni rahisi mno.

Kipindi cha uakisi nimekirudia kwa Kidato cha Pili. Trei ya mayai, njugu mawe, kipande cha Mzee Saidi. Niliwaambia nilichokifanya. Walikuwa wanajua, wilaya nzima inajua mpaka Malolo. Lakini waliandika kwenye madaftari, vichwa chini, kama jambo jipya.

Alhamisi, 2 Oktoba 2003

Siku ya kliniki. Nilishuka kuchukua taarifa. Baraza limejaa, limekwisha kupungua kufika saa sita. Mama wa mapacha amekuja na mkungu mdogo wa ndizi, amempa Editruda. Chati iko ukutani: asubuhi nne, jioni tano, asubuhi nne. Mwandiko wake mdogo, umenyooka.

Ananiita Katibu siku hizi. "Taarifa yako hii, Katibu." "Asante, Katibu." Hana ukali. Zamani alikuwa ananiita Mwalimu.

Saa kumi na moja na robo nilikuwa ofisini. Niliweka kalamu chini nikangoja. Jua limesogea kusini kidogo tangu mwezi uliopita, najua, ila si sana. Dakika ikapita, na nyingine. Kalenda, msumari, ufa wa plasta. Hakuna kilichokuja ukutani.

Nikachungulia dirishani. Kule bondeni jua lilikuwa linalala juu ya paa la zahanati, bati lote linawaka, na katikati yake miraba minne nyeusi. Nikasahihisha madaftari mpaka nikashindwa kuona mistari.